Sufuria kwa Kilo, Sanamu kwa Jina: Biashara ya Sanaa ya Vitu Vilivyotupwa Mishomoroni

Sufuria iliyotoboka ina bei yake Mishomoroni, na anayeipanga bei hiyo ni mwenye mizani. Utamkuta kando ya barabara, ndani ya ua wa mabati, amezungukwa na fremu za baiskeli, panga za feni, milango ya friji, vikaango visivyo na mikono na minyororo ya bodaboda iliyolegea. Vijana wa mikokoteni humletea mali tangu asubuhi, naye hupambanua: chuma kizito huku, bati jepesi kule, aluminiamu peke yake, shaba ndani kabisa, karibu na macho yake. Chuma huenda kwa makumi ya shilingi kwa kilo, shaba nyekundu kwa mamia, na bei zote mbili hupanda na kushuka kwa kufuata soko la metali la dunia na njaa ya viwanda vya kuyeyusha vyuma. Fundi anayeitaka sufuria ile aifanye gamba la kobe hana budi kushindana na kiwanda.

Ndiyo maana nashangaa kila nikisikia kwamba malighafi ya sanaa hii ni ya bure. Taka za nyumbani Mombasa zina wenyewe kabla hazijafika jaani. Chupa za plastiki zina mnunuzi, makopo yana mnunuzi, hata betri ya gari iliyokufa ina mtu anayeisubiri. Msanii huingia sokoni wa mwisho, na kwa kuwa anachagua kipande kimoja kimoja, gia hii, uma ule, kufuli lenye umbo zuri, huuziwa ghali kuliko anayezoa tani nzima. Hasara hiyo ndogo angeifidia vizuri kama kazi yake ikishakamilika ingeuzwa kwa thamani yake. Hapo ndipo penye tatizo la biashara yenyewe. Kwenye makarakana mengi ya bara hii ya Mombasa, sanamu ya vyuma kuukuu huuzwa kama dirisha: hesabu ya chuma, hesabu ya siku, faida kiduchu juu yake. Mahali pengine duniani, na hata Nairobi, kitu kile kile huuzwa kwa jina la aliyekiunda.

Tofauti ya bei kati ya njia hizo mbili ni kubwa ajabu. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi viwe mapazia makubwa yanayoning'inia ukutani kama kitambaa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maisha mjini Venice. Mwaka 2023 kazi yake ilijaza ukumbi mkuu wa Tate Modern, London. Na mnadani kazi zake zimevuka dola milioni moja. Vizibo! Wazungu nao hawakuanza jana: Picasso alichukua kiti na usukani wa baiskeli mwaka 1942 akapata kichwa cha fahali. Mnunuzi wa kazi za namna hiyo hanunui chuma wala aluminiamu. Hununua jicho lililoona pembe pale wengine walipoona usukani.

Kenya ina watu wake katika daraja hilo. Kioko Mwitiki amekuwa akichomelea ndovu na vifaru wa vyuma chakavu tangu miaka ya 1980, wengine wakubwa kama wanyama wenyewe. Cyrus Kabiru, aliyekulia Nairobi akitazama jaa la taka, alijulikana kwa miwani anayoiunda kwa waya, vijiko na vipande vya vifaa vya umeme, na leo kazi zake huuzwa kupitia jumba la sanaa la Afrika Kusini. Dickens Otieno hukata makopo ya soda kuwa nyuzi nyembamba kisha huyafuma kama nguo. Mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa wasanii 4 wa banda la Kenya katika maonyesho ya Venice. Circle Art Agency imekuwa ikifanya mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki jijini Nairobi tangu mwaka 2013. Yaani soko lipo, lina bei zilizoandikwa, na lina wanunuzi wenye kadi za benki. Lakini lipo kilomita karibu 500 kutoka baharini.

Sasa turudi Mishomoroni. Mtaa huu uko Kisauni, bara ya kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980. Upande wa magharibi nyumba zinashuka kwa Junda hadi kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Upande wa mashariki, kwa nauli ndogo ya tuktuk, unafika Bombolulu na barabara kuu ya Malindi, na ukivuka hapo umeingia kwenye majumba ya Nyali na hoteli za Bamburi na Shanzu. Ni mtaa unaojengwa kila siku, nyumba za kupangisha zikiota moja juu ya nyingine, na kila nyumba mpya inataka geti, nondo za madirisha na ngazi. Kwa hivyo mafundi wa kuchomelea hawakosekani. Geti ndilo linalolipa karo ya watoto. Sanamu hufanywa katikati, umeme ukiwepo na mteja wa geti asipokuwepo, na aghalabu huanza kama mchezo: ndege wa vijiko, nge wa spana, samaki mwenye magamba ya sarafu zisizotumika.

Ustadi si haba. Pwani ilikuwa ikigeuza makopo na mapipa kuwa vitu vya nyumbani kabla maneno kama uchumi rejelezi hayajaingia kwenye hotuba. Fundi bati alikata kopo la maziwa akatoa koroboi, akakunja debe akatoa jiko, akapasua tairi akatoa ndara za akala. Hata alama maarufu ya Mombasa, zile pembe za Moi Avenue zilizosimamishwa miaka ya 1950, ni bati la aluminiamu lililokunjwa, kazi ya fundi bati iliyokuzwa. Aliyezaliwa katika mazingira hayo hahitaji kufundishwa kwamba kitu kilichokwisha kazi moja kinaweza kuanza nyingine.

Kinachomsumbua ni metali zenyewe na hewa ya hapa. Sufuria ya aluminiamu haishikani na chuma kwa vijiti vya kawaida vya kuchomelea. Lazima ipigwe ribiti au ifungwe kwa waya. Bati lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kichefuchefu usiku. Friji kuukuu ina gesi, rangi za zamani zina risasi, na fundi asiye na barakoa huzivuta zote. Kisha kuna chumvi. Sanamu ya chuma inayoweza kukaa bustanini Nairobi miaka mingi, hapa, mita chache kutoka baharini, huanza kutoa machozi ya kutu msimu wa kwanza wa masika na kuchafua sakafu ya mteja. Kinga ipo: kusugua hadi chuma kiwe cheupe, rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya vyombo vya baharini. Lakini rangi hiyo haiuzwi kwa bei ya kutupwa, na fundi anayeuza kwa bei ya dirisha huiacha. Mteja anarudi na malalamiko, na jina la mtaa mzima linaharibika.

Acha nipige hesabu ya mfano. Si ya fundi fulani, nimeikadiria tu ili msomaji aone ilivyo. Tuseme ni korongo wa futi nne: miguu ya nondo, mabawa ya vijiko na uma, shingo ya mnyororo wa pikipiki. Vyuma vya kuchagua shilingi 1,500. Vijiti, diski za grenda na umeme 1,500. Rangi na vanishi 1,000. Siku 4 za kazi. Akiuzwa barabarani kwa 8,000, na mteja atasema ni ghali kwa sababu "taka tu hizi, bwana fundi", zinabaki 4,000, yaani 1,000 kwa siku. Geti linalipa zaidi ya hapo, na mteja wa geti hutanguliza nusu. Sasa mweke korongo yuleyule katika duka lenye taa nzuri na kibandiko cha shilingi 30,000. Duka likate asilimia 40, kiwango cha kawaida kabisa katika biashara ya sanaa, fundi apokee 18,000. Akitoa gharama, amepata 3,500 kwa siku. Tatizo ni kwamba hulipwa korongo akiuzwa, pengine baada ya miezi, na mwenye nyumba hasubiri miezi.

Kwa hiyo fundi hakatai duka kwa ujinga. Anachokosa ni pesa za kumwezesha kungoja. Hili ndilo pengo ambalo mkopo wa kununua mashine haulitazami: mashine tayari anayo.

Mfano wa jinsi ya kuliziba uko jirani, mahali panapofikika kwa miguu kwa mwenye subira na jua. Karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969 na chama cha walemavu wa viungo nchini, APDK. Watu wenye ulemavu hutengeneza pale vito vya shaba, mbegu na ushanga, mikoba ya ngozi, nguo na vinyago, na kazi zao zimeuzwa ng'ambo kwa miaka mingi kupitia mtandao wa biashara ya haki. Mgeni akiingia hukuta kwanza karakana, akaona mikono ikifanya kazi, ndipo apelekwe dukani. Mpangilio huo ni wa akili sana kibiashara: bei haijadiliwi tena na mtu aliyekwisha kuona kidani kikikatwa na kusuguliwa. Fundi hapotezi siku nzima akipatana na watalii ufuoni. Kuna anayepokea oda, anayekagua ubora, anayefunga mzigo, na anayejibu barua ya mnunuzi wa Ulaya.

Ng'ambo ya pili, Changamwe, Wakamba walilijua hilo mapema zaidi. Uchongaji wao ulianza huko kwao Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Mutisya Munge alipoleta ujuzi alioupata kwa Wazaramo wa Tanganyika. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft, ambacho kimekuwa na maelfu ya wanachama. Kila kinyago kina namba ya mwanachama. Kikiuzwa, mwenye namba hupata haki yake hata kama siku hiyo yuko kijijini. Chama hicho pia kiliwahi kukabiliwa na tatizo la malighafi ambalo mafundi wa vyuma wanalionja leo. Mpingo na muhugu vilipoadimika misituni, wachongaji walihimizwa kuhamia mwarobaini na miembe, miti inayoota mashambani. Wengine walinung'unika kwamba mwarobaini ni mti wa dawa na si wa sanaa. Leo mtalii anabeba twiga wa mwarobaini na hajui tofauti.

Sijaona kwa nini mafundi wa vyuma wa Kisauni wasiwe na chama cha namna hiyo. Vyama vya kuweka akiba wanavyo, vya mazishi wanavyo, vya bodaboda ndiyo usiseme. Chama cha kukagua kazi, kuweka namba na kuuza pamoja ndicho ambacho hakijashika.

Kuna upande wa plastiki, na huu unauma kidogo kwa mtu wa Pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Julie Church, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari, aliona kule Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, ufuo uliojaa patipati zilizoletwa na mawimbi, na watoto wakizichonga kuwa vichezeo. Kutokana na hapo ikazaliwa biashara inayoitwa leo Ocean Sole: patipati huokotwa, huoshwa, hugandishwa kwa gundi kuwa bonge la rangi mbalimbali, kisha huchongwa kwa kisu na kusuguliwa kuwa simba, kasa na twiga. Wachongaji wengi walitoka kwenye kazi ya mbao. Bidhaa zake zimefika kwenye maduka ya makumbusho na bustani za wanyama ng'ambo. Malighafi inatoka baharini kwetu. Kiwanda kiko Nairobi. Mshahara wa kuchonga, kodi ya jengo, kazi ya ofisini na faida vinabaki Nairobi, na Pwani inabaki na malipo ya kuokota.

Lamu imejaribu njia nyingine. Tarehe 15 Septemba 2018 kilishushwa majini chombo cha Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyorejelezwa na kupambwa kwa patipati 30,000. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda, kutoka ukoo wa waunda majahazi wa Lamu. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kilomita 500 hadi Zanzibar na kupitia Mombasa. Mtu anaweza kukiita chombo, anaweza kukiita sanamu inayoelea. Kilipigwa picha nyingi. Muhimu kwa kurasa hizi ni kwamba kazi, jina na karakana vilibaki Lamu, na mradi umeendelea huko kwa kutengeneza mbao za plastiki, samani na vyombo vingine. Watu walikuja kwa fundi. Fundi hakulazimika kuhama.

Kwenye semina za ujasiriamali kuna jambo ambalo halisemwi, nalo ni dini. Nyumba nyingi za Waislamu wa Mombasa haziweki sebuleni sanamu ya kiumbe mwenye roho, na fundi Mwislamu naye huenda akasita kuitengeneza. Hiyo ni sehemu kubwa ya soko la hapa, na anayeipuuza atabaki akisubiri watalii. Lakini tazama nyumba hizo hizo zinanunua nini: taa za shaba, fremu za vioo, masanduku yenye njumu, vigoda, mapambo ya milango, michoro ya hati za Kiarabu ya kutundika ukutani. Vyote hivyo vinaweza kuundwa kwa vitu vilivyotupwa. Taa ya kuning'iniza iliyokatwa kwenye mtungi wa gesi uliokwisha muda na kutobolewa nakshi za Lamu itauzwa kwa bibi harusi wa Mji wa Kale na kwa mwenye mkahawa wa Nyali vilevile. (Mtungi usafishwe kwanza, ujazwe maji kabla ya kukatwa, usiuguse kwa grenda ukiwa na harufu ya gesi.) Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa ya karibu zaidi ilipo, kuliko kwenye simba wa kumi na moja.

Mtalii mwenyewe amebadilika. Tangu treni ya Madaraka Express ianze mwaka 2017, hoteli za Pwani zimetegemea zaidi Wakenya wanaoshuka wikendi na sikukuu. Mtu anayerudi Nairobi na mizigo miwili na watoto watatu hanunui korongo wa futi nne. Atanunua kinachoingia mkobani: kishikio cha funguo, kinara cha mshumaa, kijisamaki cha kijiko. Kazi kubwa zina mnunuzi mwingine kabisa: hoteli, mikahawa na nyumba za wageni wa muda mfupi zinazozidi kuongezeka Nyali na Bamburi, ambazo wenyewe hutaka kitu cha kupigwa picha mlangoni. Wengi huagiza mapambo kutoka China au Dubai kwa sababu rahisi: huko kuna orodha, bei na ankara.

Ankara hiyo ndiyo ukuta. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi na mamlaka ya ushuru, KRA, wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Mhasibu wa hoteli akiambiwa fundi wa Kisauni anataka shilingi 120,000 kwa M-Pesa bila ankara, anakataa, na ana haki. Mwishoni mwa mwaka 2024 sheria ililegezwa: mnunuzi anaweza kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mafundi wengi wako chini kabisa ya kiwango hicho. Ni mlango uliofunguliwa kimyakimya, na itakuwa vyema viongozi wa wafanyabiashara wadogo wautangaze.

Upande wa vyuma sheria imekuwa kali, na si bila sababu. Biashara ya vyuma chakavu inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015 inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anayemuuzia. Mnamo Januari 2022, baada ya nchi kukosa umeme kwa kuanguka kwa minara ya nyaya na hujuma kutajwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo yote. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo. Kwa miezi hiyo mizani zilinyamaza, na fundi wa sanamu alijikuta katika kapu moja na mwizi wa nyaya. Somo lake ni la kiutendaji: chukua stakabadhi kwa kila mzigo, usiguse waya wa umeme, kifuniko cha bomba la maji taka wala kipande cha reli, hata ukipewa bure. Wale wanaookota ufuoni nao wajue kwamba gamba la kasa ni haramu kisheria, na kombe na matumbawe yana masharti ya idara ya wanyamapori. Mlango wa kale wenye nakshi ukiuvunja uupeleke ng'ambo kama sehemu ya sanamu, utakutana na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006.

Serikali ya kaunti ina nafasi yake. Mwaka 2018 Kaunti ya Mombasa ilifunga jaa la Kibarani, lile lililokuwa likiwapokea wageni kwa moshi pale Makupa, ikapanda miti, na uchafu ukaelekezwa Mwakirunge. Mwakirunge iko Kisauni. Maana yake taka nyingi za mji zinavuka daraja kuja upande huu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka na kila kaunti iwe na vituo vya kuokoa vitu vinavyofaa kutumika tena. Kituo kama hicho kikijengwa Kisauni, kona moja ya wasanii, yenye haki ya kuchagua vipande kabla havijapondwa, haitaigharimu kaunti chochote cha maana. Vilevile asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mabango ya mitaa, viti vya bustani na sanamu za mizunguko ya barabara vinaweza kununuliwa kwa njia hiyo.

Ila tusiiuze sanaa hii kwa ahadi isiyo yake. Korongo wetu ametumia kilo chache za chuma, na jaa hupokea malori kila siku. Hata jahazi zima la Lamu ni tani 10. Mashirika hupenda kuwaambia wafadhili kwamba sanamu zitasafisha bahari, lakini hazitasafisha. Kazi ya kupunguza taka ni ya wenye viwanda wanaozizalisha na ya kaunti inayozizoa. Sanamu ni ajira na ni sanaa, na kwa sababu hizo mbili tu inastahili kulipiwa vizuri.

Nilisema tofauti ya bei iko kwenye jina, na jina lina faida za kisheria pia. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yanampa msanii wa kazi za kuonekana asilimia 5 ya bei kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Leo mwenye duka akimnunua korongo kwa 8,000 na miaka kumi baadaye akauzwa mnadani, sehemu hiyo ni ya fundi. Lakini nani atamtafuta, ikiwa chini ya bawa hakuna jina, mwaka wala namba? Makarakana ya Kisauni hutoa kazi zisizo na alama yoyote. Wauzaji wa kati hupenda hivyo, maana kazi isiyo na jina inaweza kuitwa ya yeyote. Nyundo na herufi za chuma za kugongea jina si gharama kubwa. Picha ya kila kazi kabla haijatoka uani, kwa simu ileile ya M-Pesa, ndiyo daftari la kutosha la kuanzia.

Hukumu yangu basi ni kwamba Mishomoroni haikosi fundi, chuma wala mnunuzi. Imekosa wa katikati anayeaminika na pande zote, na wa katikati huyo si lazima atoke Nairobi. Mafundi waunde chama, wagonge majina, walinde kazi dhidi ya chumvi. Nawe mwenye hoteli, mkahawa au nyumba ya wageni kati ya Nyali na Shanzu unayepanga kupamba ukumbi kabla ya msimu wa Desemba, kabla hujaagiza kontena, vuka barabara ya Malindi uende Kisauni na vipimo vyako. Lipa nusu mbele kama unavyomlipa fundi wa geti, toa ankara ya eTIMS kwa niaba yake ikiwa hana, na liache jina lake lisomeke kwenye kazi.